Tundu la Sindano Huharibu Picha Nzima

Nyumba yenye kamera ya zamani ya kukunja, iwe Jinja au Mbale, ina urithi wa kutunzwa. Sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote ni mvukuto, yaani ule mfuko mweusi wenye mikunjo kama ya kinanda cha mkononi, unaounganisha lenzi na filamu. Kazi yake ni kuzuia mwanga wowote usiopitia kwenye lenzi. Mvukuto ukizeeka, pembe za mikunjo hutoboka kwanza, na tundu lisilozidi ncha ya sindano hutosha kutia doa jeupe usoni mwa mtoto.

Mashariki ya Uganda si mahali pepesi kwa ngozi. Jinja imekaa kando ya Ziwa Viktoria, napo Mbale iko chini ya Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321 na mvua nyingi. Kamera iliyofungiwa sandukuni huota ukungu. Heri ifunguliwe mara kwa mara, ipate hewa kivulini.

Anayetaka kutengeneza mvukuto hana haja ya kwenda mbali. Jinja ilikua kuwa mji wa viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, na nguo na ngozi zimetengenezwa huko. Taabu si kupata kitu, bali ni kuchagua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: ngozi nene inayong'aa hupendeza machoni, lakini haifai. Mvukuto wenye mikunjo 12, kila mkunjo ukiwa na kuta mbili, ukiongezewa nusu milimita katika kila ukuta huzidi unene kwa milimita 12, na kamera haifungiki tena.

Ngozi ya mbuzi yafaa, mradi ikwanguliwe upande wa ndani mpaka iwe nyembamba na laini. Kitambaa cha pamba kilichopakwa mpira ni chema pia. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi, lakini peke yake hupitisha mwanga. Hapana budi kukiambatanisha na kitambaa kingine cheusi. Reksini ya viti ni nene, na ikikunjwa kila siku hupasuka. Mpira wa ndani wa baisikeli huvutika na kurudi, kwa hiyo haushiki mkunjo. Upande wa ndani uwe mweusi usiong'aa, kwa maana weusi unaometameta huakisi mwanga na kufifiza picha. Kati ya tabaka mbili hizo hubandikwa vipande vya karatasi ngumu, ili mikunjo ikae sawa.

Gundi nayo ina sharti lake. Ile inayokauka ikawa ngumu kama kioo huvunjika kwenye mkunjo. Ile ya fundi viatu hubaki laini, nayo ipakwe kwa uchache. Utepe wa mafundi umeme usitumike, kwani joto huyeyusha gundi yake.

Kazi ikiisha, ijaribiwe kabla ya kutia filamu. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, mvukuto uvutwe wote na kurunzi ndogo iwekwe ndani. Macho yakishazoea giza, kila tundu litaonekana kama nyota. Yaliyo madogo huzibwa kwa kiraka chembamba. Yakiwa mengi, mvukuto wote ubadilishwe.

Huenda mtu akauliza kuna haja gani, nazo simu zinapiga picha. Lakini filamu haioneshi kosa lake mpaka isafishwe. Tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakisafiri kwenda kulinda amani Somalia. Picha ya baba aliyesimama na wanawe asubuhi ya safari, ikiwa imeingiliwa na mwanga, hugunduliwa wakati yeye ameshaondoka. Kwa hiyo mama wa nyumba na afanye jaribio la kurunzi juma moja kabla ya safari, wakati kiraka bado kinaweza kukauka.