Ufunguo wa Bweni

Katika muhula wa tatu wa mwaka 1997, nikiwa kidato cha tatu, nilikabidhiwa ufunguo wa kufuli la bweni letu. Nilikuwa kiranja wa bweni hilo, na wajibu wangu ulielezwa kwa maneno machache: saa nne usiku, taa zikishazimwa, wahesabu wavulana, toka nje, funga, saa kumi na moja alfajiri, fungua. Nililala katika chumba kidogo barazani, nje ya mlango ule. Sikuuliza swali lolote. Nilikuwa na miaka 17, na ufunguo mfukoni ulinifanya nijione mtu mzima.

Usiku mmoja, mitihani ikiwa imekaribia, kijana mmoja aliwasha mshumaa kando ya kitanda chake ili ajisomee. Usingizi ukamchukua. Niliamshwa na vishindo vya mlango. Suruali yangu niliiona, ufunguo sikuuona. Nikawa napapasa sakafuni gizani hadi nilipoupata nyuma ya sanduku. Sijui zilipita dakika ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba wavulana zaidi ya 60 waliokuwa ndani walikuwa wakiliita jina langu, kwa kuwa mwenye ufunguo alikuwa mimi. Nilipofungua, moto ulikuwa umekwisha kuzimwa kwa maji ya kunawa yaliyokuwamo kwenye beseni. Godoro moja lilikuwa limeungua nusu, na mkono wa kijana mmoja ulikuwa umebabuka hadi kwenye kiwiko.

Asubuhi yake, mwenye mshumaa alisimamishwa masomo kwa wiki mbili kwa kosa la kuvunja kanuni za shule. Mimi nilisifiwa mbele ya gwaride kwa kufungua mlango upesi. Habari za kufuli hazikutajwa.

Machi 1998 tulisikia redioni kwamba wasichana zaidi ya 20 wameteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, huko Kwale. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Tulisikiliza kimya, kisha tukaenda kujisomea. Usiku ule nilifunga mlango kama kawaida.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeikwepa kwa miaka mingi. Nimefundisha chuoni, nimeandika kuhusu uwajibikaji wa serikali, nimewakosoa mawaziri. Lakini sijapata kuandika kwamba nilijua hatari ilivyo, nilikuwa na ufunguo mkononi, na nilitii.

Machi 2001, nikiwa chuo kikuu, ikaja habari ya Kyanguli, Machakos: wavulana 67 walikufa katika bweni lililochomwa kwa petroli, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa yamezibwa kwa vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Ni waraka mzuri. Unasema mlango wa bweni uwe na upana wa kutosha na ufunguke kwa nje. Usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2, na katikati ya bweni uwepo mlango wa dharura. Anayeusoma anatambua kwamba waliouandika walikuwa wakiwakumbuka waliokufa. Hata hivyo, Septemba 2017 wasichana 10 walikufa katika moto wa bweni jijini Nairobi.

Januari 2024 nilimpeleka mpwa wangu kuanza kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni. Tulipewa karatasi ya kanuni za afya na usalama, mwanafunzi na mzazi waitie sahihi. Nilihesabu kanuni 38. Simu, mishumaa, viberiti, vyakula kutoka nyumbani, nywele, kutoka nje ya uzio, kuingia bwenini mchana. Karibu zote zilianza kwa neno “Mwanafunzi”. Hakuna hata moja iliyoanza kwa neno “Shule”.

Niliomba kuliona bweni, na naibu wa mwalimu mkuu akanipeleka kwa heshima zote. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mlango ulifungukia ndani, na kufuli lilikuwa likining'inia upande wa nje. Nilipima kwa shibiri nafasi kati ya vitanda viwili: shibiri mbili na kidogo, wakati mita 1.2 ni shibiri tano na zaidi.

“Mwalimu,” aliniambia alipoona ninavyopima, “wewe ni mtu wa kazi hii, unaelewa. Wanafunzi wameongezeka, mabweni ni yale yale. Na vyuma hivi wazazi ndio walioviomba, baada ya magodoro kuibwa.”

Hakusema uongo. Sera ya kumwezesha kila mtoto aliyemaliza shule ya msingi kujiunga na shule ya upili ni sera njema, lakini fedha za kujenga hazikwenda kwa kasi ya watoto. Nilimwelewa, na kwa kumwelewa nikanyamaza. Mpwa wangu alikuwa akinisubiri na kalamu mkononi. “Mjomba, unatia sahihi hapa chini,” alisema. Nikatia. Ilikuwa kama kulifunga lile kufuli upya.

Tarehe 5 Septemba 2024, usiku, bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri, likashika moto. Wavulana 21 walikufa. Kesho yake sikuweza kufundisha. Nilikaa ofisini nikaandika barua kwa bodi ya shule ya mpwa wangu, nikaambatisha kurasa za mwongozo wa 2008, nikaeleza pia habari za mvulana wa miaka 17 aliyepoteza ufunguo gizani.

Hoja yangu kwa bodi ndiyo ninayoileta kwenu. Kanuni tunazoziita za usalama zimeandikwa na watu wanaomwogopa mtoto kuliko wanavyohofia yatakayompata. Tunaogopa atoroke, aibe, achome. Kwa hiyo tunamfungia, kisha tunaita kufuli usalama. Nakubali kwamba wapo wanafunzi waliowasha moto kwa makusudi. Lakini anayelala kitanda cha mbali na mlango hafi kwa sababu ya kiberiti peke yake. Hufa pia kwa sababu ya mlango. Kiberiti tumekiwekea adhabu tangu zamani. Mlango je?

Kwa maafisa wa elimu mnaosoma hapa: mnapokwenda kukagua, msiishie ofisini kwenye chai na faili. Nendeni bwenini saa nne usiku. Kwa wanaharakati: mwongozo ule uliandikwa kwa Kiingereza na hukaa kabatini, kurasa zinazohusu bweni zifasiriwe, zibandikwe mlangoni, ili mtoto aliye mgeni shuleni aweze kumwonyesha mwalimu kidole na kusema, “Hapa panasema mlango usifungwe.” Kwa viranja, ambao huenda mmejificha na simu mkisoma haya: mkikabidhiwa ufunguo, ulizeni swali ambalo mimi sikuuliza.

Bodi ilinijibu baada ya wiki tano. Siku ya wazazi kuwatembelea watoto nilikwenda tena. Vyuma bado vipo madirishani, isipokuwa madirisha mawili yaliyotiwa bawaba yafunguke kwa ndani. Vitanda havijasogea. Lakini kufuli la nje limeondolewa, na mahali pake limewekwa komeo, upande wa ndani.

Mpwa wangu alinionyesha jinsi linavyofunguka. Kisha akafumba macho, akaniongoza kutoka kitandani kwake hadi mlangoni, akihesabu vitanda kwa sauti. Vilikuwa kumi na moja.