Kibuyu na Sufuria

Hakuna maneno yanayomtaabisha mfasiri kama maneno ya jikoni. Sheria hufasirika, falsafa hufasirika, na hata shairi, ukilisubiri, mwisho hukubali. Lakini mtajie mtu wa Unguja neno mboga, naye ataona mchicha au kisamvu. Mtajie mtu wa bara neno hilohilo, naye atakuuliza ni mboga gani, nyama, dagaa au maharage, kwani kwake mboga ni chochote kinachosindikiza ugali, kile ambacho sisi hukiita kitoweo. Neno ni moja, vyungu ni viwili.

Mimi sikuisomea kazi ya tafsiri. Kiingereza nilikipata katika kamusi iliyochanika jalada, na ushairi nikaupata barazani kwa wazee. Pengine ndiyo sababu huzipokea kazi ndogo ambazo wasomi huzipita: vyeti, nyaraka, vipeperushi. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kijitabu kinachofundisha familia namna ya kuwalisha watoto, nikaombwa nikitie katika Kiswahili chepesi kwa ajili ya wazazi wa Nainokanoka, katika nyanda za juu za Ngorongoro. Nikasema sifasiri chakula cha watu nisiowahi kuketi nao. Nikapanda kwenda.

Ukitoka Karatu, mji wa udongo mwekundu na malori ya kabichi na vitunguu, unapita lango la Loduare, unapanda msituni hadi ukingo wa kreta, kisha unaambaa upande wa mashariki hadi chini ya mlima Olmoti, ambao maji yake ya mto Munge huteremka na kuingia katika kreta ya Ngorongoro. Nainokanoka ipo huko. Mtu wa pwani hushangazwa kwanza na baridi. Ukungu hukaa hadi jua lipande, na watoto huonekana wakitoka ndani yake na mashuka yao mekundu, wakifuata ndama.

Wamasai wa huko waliishi kwa maziwa, na jina la maziwa kwao, kule, ndilo la kwanza nililojifunza. Maziwa huhifadhiwa katika kibuyu kinachosafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, nao moshi wake huyapa ladha na kuyafanya yasiharibike upesi. Nyama na damu vilikuwa na majira yake. Maziwa yalikuwa ya kila siku. Mwaka 1964 daktari wa Kimarekani, George Mann, na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya Wamasai wa Tanganyika. Walitarajia kuwa watu wanaokula mafuta mengi ya wanyama watakuwa na lehemu nyingi katika damu. Wakaikuta kidogo, na mioyo ya wanaume wale waendao mwendo mrefu kila siku haikuonesha maradhi waliyoyatafuta. Basi watu hawa hawakuwa wajinga wa kula. Anayekwenda kuwafundisha na aanze kwa kulijua hilo.

Kilichobadilika ni hesabu. Mwaka 1959, ilipoanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro na wafugaji wakahamishwa kutoka Serengeti, wakaazi walikadiriwa kuwa 8,000. Hesabu ya mwaka 2017 iliwakuta zaidi ya 90,000. Ng'ombe hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Ukame na maradhi viliwapunguza, na malisho yakabana. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Kwa hiyo familia yenye ng'ombe wachache na isiyoruhusiwa kulima hata kitalu cha sukuma hubaki na njia moja: kuuza mnyama na kununua unga. Tangu mwaka 2022 baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Ugomvi wa ardhi una wenyewe wanaoujua kuliko mimi. Nililolitazama mimi ni bakuli la mtoto.

Ndani ya bakuli hilo nilikuta uji wa mahindi, mweupe, mwepesi kama maji ya kunawa, na pembeni kikombe cha chai ya rangi yenye sukari nyingi. Mtoto alishiba. Hilo ndilo jambo linalotudanganya sote, kwamba kushiba na kulishwa huvaa kanzu moja. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukilijaza maji hapana nafasi ya chakula. Na chai, japo inapasha mwili, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na majani, damu ikapungua. Madhara yake hayapigi kelele. Mtoto halii kwa udumavu. Hukua polepole tu, akawa mfupi kuliko umri wake, na skuli humwona mzito wa kushika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa katika kila watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 3 wamedumaa.

Kijitabu nilichopewa kilikuwa sahihi. Kilisema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Kilisema uji uwe mzito wa kukaa kijikoni usimwagike. Kilitaja makundi matano ya chakula na kuyaita mlo kamili. Na kila sentensi ilianza kwa neno moja: mama. Mama ahakikishe. Mama achanganye. Mama asisahau.

Niliisoma rasimu yangu mbele ya kina mama walioketi juani, na kijana mmoja akiigeuza katika Kimasai. Walisikiliza kwa adabu. Kisha bibi mmoja, tuliyemwita koko kama wote walivyomwita, akauliza swali ambalo kijitabu hakikuwa na jibu lake: huyo mama anayeambiwa anunue maharage na matunda, fedha anapewa na nani?

Hapo ndipo nilipofahamishwa jambo ambalo ningelipata kwa shida katika kamusi. Maziwa, kwa desturi yao, ni ya mwanamke. Yeye ndiye akamaye, yeye ndiye agawaye. Hata mume hangojei isipokuwa sehemu yake. Lakini ng'ombe auzwaye mnadani huuzwa na mwanamume, na fedha hurejea naye, ama hurejea nusu. Chakula kilipotoka katika kibuyu na kuingia katika sufuria, mamlaka ya kulisha nayo yalihama, yakatoka mkononi mwa mama na kuingia mfukoni mwa baba. Lawama peke yake ndiyo iliyobaki palepale. Tunamwambia mama alishe vema, na ufunguo wa ghala hanao.

Nikarudi kwa walionituma nikawaomba ruhusa ya mambo matatu. La kwanza, neno mama libaki pale panapohusu kunyonyesha, na kwingine kote liandikwe wazazi, na pawepo ukurasa wa baba anayetoka mnadani: kabla ya soda na biskuti, kilo moja ya maharage au kunde. La pili, tuanzie wanachokijua. Loshoro yao, mahindi yaliyopikwa laini yakachanganywa na maziwa, ni mlo wa maana. Samli kidogo katika uji wa mtoto ni nguvu. Na maziwa hata yakiwa kikombe kimoja, yachemshwe dhidi ya brusela na kifua kikuu, kisha apewe mtoto kabla ya kutiwa katika chai ya wageni. La tatu, tusiwaambie walime bustani pale ambapo kulima hakuruhusiwi. Ushauri usiotekelezeka ni tusi lililovaa koti jeupe.

Walikubali mawili na nusu. Ukurasa wa baba ulipungua ukawa aya, kwa kuwa karatasi, waliniambia, ni ghali. Nikaufidia kwa njia ninayoijua, nikawaachia ubeti wa kusomwa mikutanoni:

Kibuyu kikipunguka, mtoto asipungue,
Uji ukishachemka, maziwa uyachukue,
Mnadani akitoka, baba kunde anunue,
Mtoto ni wa wawili, nao wote wamjue.

Niliarifiwa baadaye kwamba kina mama waliugeuza wakautia katika wimbo wao wa kuitikiana, na kwamba mstari wa tatu huurudia mara nyingi kuliko niliyoandika, hasa wanaume wakiwa karibu. Mizani zangu zilivunjika zote. Sijapata kufurahia kuvunjiwa mizani kama siku ile.

Ndugu msomaji wa visiwani, usiyasome haya kama habari za watu wa mbali. Sisi hatukukatazwa kulima, na bahari ipo mlangoni. Hata hivyo, tazama asubuhi njia za skuli zetu: andazi na chai ya rangi, kisha soda mchana, na jioni pakiti ya vitu vyekundu vinavyopaka ulimi rangi. Muhogo, mbatata, samaki, kunde za nazi na embe zilizotulea sisi zimekuwa chakula cha kuonea haya, huku kisukari na shinikizo la damu vikibisha hodi katika nyumba za watu wa rika langu. Wa Nainokanoka wameachishwa chakula chao na uhaba. Sisi tumekiacha wenyewe, tena mikono yetu ikiwa imejaa.

Na swali la koko linatuhusu vilevile. Katika kila nyumba anayehimizwa kulisha yupo, na anayeshika fedha yupo, na aghalabu hawakai mkutano mmoja. Tafsiri bora kabisa ya mlo kamili niliyoiona ni wawili hao wameketi mbele ya bakuli moja, wakatazama kilichomo, kabla ya mtoto kushika kijiko.