Waliotia Sahihi

Mimi ni mtoto wa Marafiki, wale ambao wengi huwaita Waquaker. Nimelelewa Vihiga, si mbali na Kaimosi, walikofungua misheni wamisionari watatu kutoka Marekani mwaka 1902. Nimeolewa Uingereza. Ushuhuda wangu unahusu madaftari ya ndoa, na najua si jambo ambalo watu husimama kulishuhudia.

Mama mkwe ndiye aliyeniingiza humo. Alikuwa akitafuta ndoa ya wahenga wake wa miaka ya 1780 katika rejista za parokia, haipati. Aliposikia kuna sahihi ya Quaker kwenye wosia mmoja wa ukoo, akanigeukia: "Hao ni watu wako, mwanangu. Watafute."

Kilichomkwamisha ni sheria. Kuanzia Machi 1754, ndoa zote za England na Wales zilitakiwa kufungwa katika kanisa la Anglikana, isipokuwa za Wayahudi na za Waquaker. Mbaptisti aliyesali kwao mwaka mzima, siku ya harusi alikwenda kwa kasisi wa parokia, apende asipende, na ilikuwa hivyo hadi Julai 1837. Kwa hiyo bwana harusi Mbaptisti wa mwaka 1790 utampata parokiani. Quaker, sahau.

Ndoa za Waquaker ziko Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, katika mkusanyo unaoitwa RG 6. Wenyewe walipoyakabidhi madaftari yao serikalini karibu na mwaka 1840, walinakili kwanza muhtasari wake, wakabaki nao London. Tarehe zilinifurahisha. Hawakutaka majina ya miezi yenye asili ya miungu ya Warumi, wakaandika mwezi wa tatu, mwezi wa nane, kama sisi tusemavyo kila siku. Ila kabla ya 1752 mwezi wa kwanza wao ulikuwa Machi, kwa hiyo mwezi wa tatu wa 1741 ni Mei.

Lakini vyeti ndivyo vilivyonishika. Kwetu Vihiga harusi ina mchungaji, kwaya na vigelegele. Kule hapakuwa na kasisi. Wawili walitangaza nia yao mbele ya Mkutano wa Mwezi, wakateuliwa watu wa kuchunguza kama hawana ahadi kwingine na kama wazazi wameridhia. Mzee yeyote wa Kiluhya aliyewahi kutumwa posa angeielewa kazi hiyo bila kufundishwa. Siku ikifika, mkutano ulikaa kimya, wawili hao wakasimama, wakashikana mikono, wakatamka ahadi kwa vinywa vyao. Kisha waliohudhuria wakatia sahihi kwenye cheti, mmoja baada ya mwingine, shangazi, jirani, mwajiri, na mara nyingi ndugu wakiwa kwenye safu yao. Nikaacha kumtazama bibi harusi, nikaanza kusoma mashahidi. Humo nilimpata dada wa mhenga wetu, ambaye ukoo haukumjua kabisa.

Nilimfuata dada huyo kwenye kumbukumbu za vikao, zilizoko katika hifadhi ya kaunti. Alikuwa ameolewa na mtu asiye Quaker, na ndoa ilifungishwa na kasisi. Mkutano ukatuma wanawake wawili kwenda kuzungumza naye. Wakarudi na taarifa kwamba aliwapokea vizuri na hakuonyesha majuto. Akatengwa. Aliyetaka kurudishwa aliandika barua ya kukiri kosa; yake sikuiona. Waquaker wa Uingereza waliendelea kuwatenga watu kwa sababu hiyo hadi karibu na mwaka 1860. Na nitasema nionavyo: mhenga wetu mtiifu ana mistari michache ya daftari, lakini dada aliyetengwa ana kurasa, ana sura, na hata ukarimu wake kwa wageni umeandikwa.

Ukurasa ule ulinipeleka nyumbani. Dada yangu mkubwa aliolewa Mumias na Mwislamu nikiwa bado shule ya msingi. Baba, mzee wa kanisa, aliacha kumtaja, na sisi tukafuata. Katika daftari la ukoo nililoanza kuandika baada ya mazishi ya Baba, watoto walitajwa kwa mpangilio, na nafasi yake ilirukwa kama ilivyorukwa mezani. Wanawake wale wawili wa England walifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwetu: walikwenda kumwona.

Nikampigia simu. Nilimwambia nataka kumwandika, na nikamsimulia habari za mwanamke wa England. Alicheka sana aliposikia barua ya kukiri kosa. "Andika mwaka na jina la mume wangu," akasema. "Barua usiningojee."

Nikamwomba pia majina ya waliohudhuria nikahi, wote, si mashahidi wawili wa kadhi tu. Akayataja taratibu: shemeji zake, majirani, mwalimu wake wa zamani. Halafu akamtaja Kuku, mama yake Baba, ambaye asubuhi ile aliaga kwamba anakwenda sokoni kuuza ndizi.