Chombo cha Kuandikia, na Kadi za Vitabu

Walimu wengi wa wilaya zetu mbili, Nachingwea na Ruangwa, siku hizi wanasoma tena. Mchana hufundisha, na usiku hushika kazi za Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, au za vyuo vingine, hata mwisho huambiwa waandike tasnifu. Tasnifu ni maandiko marefu kama kitabu, na kila neno ambalo mwandishi amelipata kwa mwingine hana budi kulitaja: nani aliyeliandika, mwaka gani, katika kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Wazazi na jamaa hutuuliza kwa nini kazi hii yachukua miaka. Hapa twataka kueleza sehemu moja tu ya taabu yake, nayo ni kuchagua chombo: programu ya kuandikia, na programu ya kutunza marejeo. Tumevijaribu vyombo hivi sisi wenyewe, kwa umeme wetu na mtandao wetu jinsi ulivyo, nasi twasema tuliyoyaona.

Zamani mtu msomi alikuwa na kadi za karatasi, kila kitabu kadi yake, naye akizitia katika sanduku kwa kufuata alfabeti. Programu ya marejeo ni sanduku lile lile, ila limo ndani ya kompyuta. Waiandika kadi mara moja tu. Kisha, unapoandika tasnifu yako na kufika mahali pa kumtaja mwandishi, wabonyeza kitufe, wamchagua, na jina na mwaka hujiandika penyewe. Na orodha ya mwisho hujipanga bila mkono wako. Chuo kikitaka mtindo mwingine wa kuandika marejeo, wabadili mara moja, nayo yote hugeuka.

Asiyepata kuona taabu ya kukosa chombo hiki aweza kudhani ni anasa. Mwenzetu mmoja aliandika marejeo yake kwa mkono, zaidi ya mia moja, naye akafanya kazi safi. Zilipobaki wiki mbili, chuo chake kikamwambia kwamba mtindo umebadilika. Wakati huo ulikuwa wa mitihani ya shule, na nyumbani korosho zilikuwa zinaanguka. Alirekebisha usiku kwa usiku, na katika kurekebisha majina matatu yakapotea katika orodha. Mtahini akaona maneno ya watu wasiotajwa, akairudisha kazi yote kama kazi ya mwizi. Huyu si mwizi, sisi twamjua. Lakini karatasi haikuweza kumtetea, naye alingoja mwaka mzima mwingine.

Basi, vyombo vyenyewe. Kwa kuandikia, wengi wetu wamezoea Word ya Microsoft, nayo ni nzuri, ila ni ya kununua. Jambo hili twalisema wazi, maana wapo vijana mijini ambao kwa pesa kidogo hukutilia nakala ya wizi, na watu wazima wenye heshima zao huipokea bila kuuliza. Mtu anayeandika kurasa mia mbili ili kuonyesha kwamba hakuiba maneno ya mtu, akiziandika kwa chombo cha kuibwa, sisi twaona ni ajabu. Tena nakala zile mara nyingi huja na virusi, navyo havichagui faili la kula. Asiye na pesa atwae LibreOffice, ambayo ni programu huria, yaani hutolewa bure kwa halali. Ilianza mwaka 2010, ikitokana na OpenOffice, ile ambayo mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa toleo lake la Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hutunza maandiko hata kwa namna ya Word, ijapokuwa pengine majedwali husogea kidogo, nawe huna budi kuyatazama kabla ya kumpelekea msimamizi.

Iko pia LaTeX, ya watu wa hesabu. Mwalimu mmoja wa hesabu hapa kwetu hataki kusikia habari ya kingine, na kweli kanuni zake hutoka nzuri kama zilizopigwa chapa. Lakini huyo hana mke wa kumwuliza kwa nini amekesha akitafuta alama moja ya mabano iliyokosekana.

Kwa kutunza marejeo, tumeona vitatu. EndNote ni ya siku nyingi na ya kulipiwa, tuliiacha mapema. Mendeley hutolewa bure, na walimu kadha waliipenda. Lakini ni mali ya kampuni, tangu Elsevier ilipoinunua mwaka 2013; na mwaka 2021 programu yake ya simu iliondolewa, na mwaka 2022 ile ya zamani ya kompyuta ikaacha kutolewa kwa watumiaji wapya, ikaletwa nyingine. Mwenye mali ana haki ya kubadili mali yake. Ila mwalimu anayesoma kwa miaka sita, akilipa ada kwa korosho na ufuta, ataka sanduku lisilohamishwa akiwa njiani.

Cha tatu ni Zotero, nacho ndicho tulichokichagua. Kilitolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na waliokitunga walikuwa watu wa historia, si wafanya biashara. Ni huria, hukaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe, hufanya kazi mtandao usipokuwapo, na hushikamana na Word na LibreOffice pia. Mtandao ukirudi, hupeleka nakala ya kadi zako mahali pa akiba. Kadi zenyewe hazina kipimo, bali mafaili ya vitabu hupewa nafasi ya MB 300 tu bila malipo, nayo hujaa upesi. Kwa hiyo mafaili twayaweka katika flashi mbili, moja nyumbani na moja kwa rafiki, isiwe nyumba moja ikaungua na yote yakaungua. Angalizo moja: ukianza kwa LibreOffice na msimamizi wako akataka Word, usiyatume hivi hivi. Imo amri katika Zotero ya kuyaandaa maandiko yahame. Usipoitumia, marejeo yatakufa, yatabaki maneno makavu tu yasiyobadilika tena. Na vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, ni vyema kwa kusomea. Kuandikia tasnifu, tafuta kompyuta.

Hata hapa tumesema habari za mashini. Lakini shida iliyo kubwa zaidi ni ya majina.

Programu hizi huweza kuichukua kadi ya kitabu kutoka mtandaoni kwa nukta moja. Ukitaka cha Alan Wood cha mwaka 1950 juu ya mpango wa karanga ulioleta matrekta na reli Nachingwea, au cha Felicitas Becker cha mwaka 2008 juu ya Uislamu katika nchi hizi za kusini mashariki, utaipata kadi upesi. Tazama sasa kitabu cha Yohanna Abdallah, kasisi Myao wa misheni ya UMCA, aliyeandika habari za Wayao kwa Kiyao chenyewe. Kilipigwa chapa Zomba mwaka 1919, na Meredith Sanderson alikihariri na kukifasiri kwa Kiingereza. Kikatolewa tena mwaka 1973, na dibaji ya Edward Alpers. Hapo yapo majina matatu na miaka miwili. Ukiandika kwa haraka, mfasiri aweza kukaa katika kiti cha mwandishi, na maneno ya Abdallah yakawa ya Sanderson. Au maneno ya mwaka 1919 yakaonekana yamesemwa mwaka 1973. Katika kadi ya Zotero kila mmoja ana mahali pake, mwandishi, mhariri na mfasiri. Usiikubali kadi iliyoletwa kabla hujailinganisha na ukurasa wa mbele wa kitabu.

Tena programu huuliza jina la ukoo na jina la kwanza. Wako wengi kwetu ambao jina la pili ni la baba na la tatu la babu, wala hakuna la ukoo. Zotero hukuruhusu kuandika jina zima katika nafasi moja, likabaki kama mwenyewe alivyojiita.

Na wazee? Mzee wa Mnacho akikueleza jinsi reli ilivyojengwa, hakuna mtandao utakaoleta kadi yake. Iandike mwenyewe: jina, kijiji, tarehe, lugha aliyosema, na kama amekubali kutajwa. Mtindo wa APA, toleo la 7 la mwaka 2019, hautii mazungumzo ya namna hiyo katika orodha ya mwisho. Hutajwa katikati ya maandiko tu. Sisi twaiandika kadi vile vile, na mwisho wa tasnifu twaongeza orodha ya wazee, kwa idhini yao na ya msimamizi.

Zimekuja pia programu za akili mnemba, ambazo ukiziomba marejeo hukupa mara moja, mazuri, yenye mwaka na ukurasa, na vingine katika vitabu hivyo havijapata kuandikwa na mtu. Kwetu hakuna kadi inayoingia sandukuni ila ya kitabu tulichokiona au mtu tuliyemsikia.

Sasa tumeanza sanduku moja la pamoja, la maandiko yote yahusuyo Nachingwea na Ruangwa, ili mwalimu ajaye asianze upya. Twajua kwamba majumbani mwenu mna vitabu vikuukuu, magazeti ya misheni, na madaftari ya shule za zamani. Mwenye kitu kama hicho na amwonyeshe mwalimu aliye karibu naye jalada na ukurasa wa mbele. Atanakili jina na mwaka, na kitabu kitabaki kwa mwenyewe.