Mwisho wa Njia ya Pembe

Ninyi watoto mnaokaa kando ya ziwa Tanganyika, labda mwafikiri kwamba bahari ni ziwa kubwa tu. Mimi nami nilifikiri hivyo mpaka nilipofika Bagamoyo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Nilikwenda huko kwa ajili ya bibi yangu. Alizaliwa upande wa Kasongo, katika Maniema. Jioni, alipotuhesabia wazee wa ukoo, alitaja kila mmoja na mahali pa kaburi lake. Akifika kwa mjomba wa mama yake, alisema tu: «Huyu alikwenda pwani.» Kijana yule alikamatwa, akatwikwa pembe ya tembo, akaondoka na msafara. Hakurudi. Bibi hakuiona pwani hata siku moja, lakini jina la mji alilijua.

Nilivuka ziwa kutoka Kalemie mpaka Kigoma, nikapanda treni mpaka Dar es Salaam. Toka hapo mpaka Bagamoyo ni kilometa 70 hivi, upande wa kaskazini. Safari yangu haikutimiza juma moja. Misafara ya zamani ilitembea kilometa 1,200 hivi kutoka Ujiji peke yake, miezi mitatu au zaidi, na kila mtu mzigo wake begani. Usiku ule katika treni niliona haya kunung’unika juu ya kiti kigumu.

Asubuhi nikashuka ufukoni. Kumbe, maji yako mbali! Ngalawa zimelala ubavu juu ya mchanga mtupu. Nikamwuliza mvuvi mmoja kama bahari imekauka. Akacheka sana. «Ngoja, kaka, yatarudi.» Kweli, mchana maji yakarudi, yakaziinua ngalawa zote. Hivyo ndivyo bahari inavyokupwa na kujaa, mara mbili kila siku. Ziwa letu halifanyi hivyo.

Tena maji hayo mafupi ndiyo yaliyoupunguza mji. Jahazi laweza kukaa juu ya mchanga na kungoja maji. Meli kubwa haiwezi. Wajerumani walipoitawala nchi ile, walikaa kwanza Bagamoyo, lakini mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Reli nayo ikaanzia huko mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Basi nani angebeba tena mzigo kwa miguu mpaka Bagamoyo? Nyumba za mawe za matajiri zikabaki na milango yake ya nakshi, nyingine bila paa. Watu lakini hawakuondoka wote. Wanavua, wanapika chumvi, wanalima mwani baharini, na vijana wanasomea ngoma na michezo katika chuo kilichofunguliwa mwaka 1981.

Nikaenda misioni. Mapadri walifika pale mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwapa kijiji. Mwezi wa Februari 1874 maiti ya Livingstone, yule aliyefika Nyangwe kwetu mwaka 1871, ililazwa pale kabla ya kuvushwa Unguja. Waliomchukua kutoka mbali vile, Chuma na Susi, majina yao yameandikwa. Nilipita katika makaburi nikisoma misalaba. Jina la mzee wetu sikuliona. Lakini ningelionaje? Aliyekombolewa na kubatizwa alipewa jina jipya, na aliyekufa njiani hakuandikiwa kitu.

Saa kumi nikarudi kwenye soko la samaki, nina njaa. Mama mmoja mzee alikuwa akikaanga.

«Jambo, mama. Unipe ndagala.»

«Ndagala ndiyo nini?»

Nikamwonyesha kwa kidole.

«Ah, dagaa! Watoka wapi wewe, mwanangu, hata shikamoo hujui?»

Nikamwambia: Kongo, Maniema. Akaacha kijiko chake. «Bibi yangu mzaa mama walimwita Mmanyema,» akasema.

Nikamtajia jina la mjomba wa mama yake bibi. Akalirudia mara mbili, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani, kisha akatikisa kichwa. «Majina ya kwao hawakutuachia. Walituachia hilo moja tu, Mmanyema.»

Watu wa pale hulieleza jina la mji kwa njia mbili. Wengine husema mpagazi alibwaga moyo kwa furaha, maana mzigo umefika. Wengine husema mtumwa aliubwaga moyo wake pale, maana mbele ni bahari. Mzee wetu alibeba mzigo naye alikuwa mtumwa. Sijui yeye aliubwaga namna gani.

Yule mama alikataa fedha zangu. Akanifungia samaki katika gazeti, na juu yake kifuko cha chumvi ya Bagamoyo. Niliporudi Kalemie nikampa mama yangu chumvi ile. Akatia kidogo katika sombe, na iliyobaki akaiweka kabatini, karibu na picha ya bibi.