Umande kwenye Pamba

Kila Jumapili usiku, mwanangu akishalala, nafungua daftari na kumpa alama. Sifuri ni hapana kabisa, moja ni mara chache, mbili ni mara nyingi, tatu ni mara nyingi sana. Anapoteza vitu vyake? Tatu. Anasahau alichotumwa? Tatu. Anainuka pale anapotakiwa kukaa? Hapo kalamu husita. Hapa Zagayu mtoto wa miaka minane hutakiwa kukaa lini? Kanisani, labda, na wakati wa kula.

Fomu tulipewa na daktari Mwanza, baada ya kupanda basi alfajiri kutoka Bariadi. Inaitwa Vanderbilt, jina la chuo kikuu kilichoko Nashville, Marekani. Ya wazazi ina maswali 55, na 18 ya kwanza ndiyo yanayohusu ADHD: tisa ya umakini, tisa ya kutotulia na papara. Ukijaza mbili au tatu kwenye maswali sita kati ya tisa, upande huo unahesabika. Daktari alisisitiza kwamba karatasi peke yake si jibu. Lazima dalili zionekane nyumbani na shuleni, kwa hiyo na mwalimu alitakiwa kujaza yake. Mimi niendelee kila wiki na yale 18, tuone mwelekeo kabla ya kuzungumzia dawa.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimefuata jina. Majina tuliyokuwa nayo yalikuwa mtukutu, kichwa maji, mtoto asiyechapwa vya kutosha. Nami nilimchapa. Naliandika hapa kwa sababu kwenye fomu hapana pa kuliandika.

Karatasi ya mwalimu ilirudi na tatu tupu, kutoka swali la kwanza hadi la 18. Nilikasirika. Kisha nikalikumbuka darasa lake, watoto wanne dawati moja na wengine sakafuni, nikajiuliza mimi ningemwona nani mle.

Halafu ukaja msimu wa kuchuma pamba. Jumla yangu, iliyokuwa ikizunguka kwenye 31, ikaruka hadi 44. Nilitetemeka. Nikamwonyesha mama yangu, ambaye kusoma kunampa shida lakini namba anazijua, maana ameuza pamba maisha yake yote.

"Wiki hiyo ulikuwa unalala saa ngapi?" akaniuliza.

"Mama, fomu inauliza habari za mtoto."

"Nimesikia. Nakuuliza wewe."

Nilikuwa nalala saa sita, naamka saa kumi. Mama hakuongeza neno, akaendelea kuchambua pamba yake. Hapo nikakumbuka kitu ambacho kila mtoto wa mkulima huku anakijua: pamba iliyochumwa na umande ni nzito. Mizani haijakosea, ila imepima na maji.

Sisemi kwamba mtoto hana shida. Yuko darasa la tatu na hamalizi mstari mmoja bila kuinuka. Mwaka jana alisahau mbuzi porini, tukamtafuta na tochi hadi usiku wa manane. Ninachosema ni kwamba namba zangu zitasomwa na mtu asiyetuona, na kwa namba hizo mtoto atapewa dawa au atanyimwa. Kwa hiyo sasa, kando ya kila alama, naandika nilichokiona na siku yake: "Jumanne, daftari la hesabu." Na chini ya ukurasa naandika hali yangu: "Homa." "Tumegombana na baba yake kwenye simu." "Nimelala vizuri."

Juzi kati alilikuta daftari wazi mezani. Akapitisha kidole kwenye jumla, wiki hadi wiki, hadi akafika kwenye 44. Akaruka.

"Mama, nimepanda!"

Shuleni alama kubwa ndiyo nzuri. Hakuwahi kupata 44 ya kitu chochote.

Sikujua la kumjibu. Jumapili iliyofuata sikusubiri alale. Nilimwita, nikamkalisha kwenye kigoda kando yangu, nikamuuliza wiki hii amepoteza nini. Akahesabu kwa vidole: kalamu, kifutio, kandambili moja. Akatulia, akafikiri, kisha akakunja kidole kimoja.

"Kandambili nimeipata."

Nikaandika mbili.