Chuma Kilichomrudisha Msituni

Baiskeli ya kwanza aliyoijua ilikuwa ya kazi. Baba yake alikuwa boda boda wa Busia enzi za pedali, kabla pikipiki hazijaitwaa biashara hiyo, akivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Baiskeli yake, aina ya Black Mamba, ilikuwa na gia moja, breki za vyuma badala ya waya, na keria iliyofungwa sponji kwa ajili ya abiria. Mtoto alijifunzia hiyo hiyo, mguu mmoja ukiwa umepenyezwa katikati ya fremu, maana bomba la juu lilimzidi kimo.

Leo yeye ni fundi wa kuchomelea, mwenye karakana ya mageti na madirisha pembezoni mwa Nairobi. Kwa miaka mingi alipanda vilima vya Ngong na kuzunguka msitu wa Karura kwa baiskeli ya mtumba ya alumini, yenye magurudumu ya inchi 26. Ilikuwa nyepesi, naye aliipenda.

Kisha fremu ikapasuka chini ya kiti. Watu walidhani ataiziba mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, lakini hakuigusa. Alumini ya fremu ikichomwa hupoteza ugumu wake pale palipopata moto, na kuurudisha kunahitaji tanuri ambalo karakana yake haina. Chuma, kwa upande wake, hupasuka pia, ila fundi mzuri wa mtaani anaweza kukiunga kikaendelea na safari. Hiyo ndiyo sababu iliyomfanya aweke akiba ya kununua baiskeli mpya ya milimani yenye fremu ya chuma na shokomzoba mbele tu, nyuma hakuna.

Ilipofika aliigeuza magurudumu juu na kuanza kukagua viungo. Mshono ulikuwa mwembamba, mawimbi yake yakilingana kuzunguka bomba lote, bila shimo wala tone lililomwagika. Alijua alichokuwa akikitazama. Mabomba hayo ni ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Ncha zake, pale yanapochomelewa, hufikia unene wa milimita 0.9 hivi, na katikati huwa kama 0.6 tu. Ujanja huo wa kunenepesha ncha si mpya: Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, aliupatia hataza mwaka 1897. Lakini kwa mtu aliyezoea mabomba ya geti, kuunga chuma chembamba hivyo bila kukitoboa ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Safari ya kwanza ilikuwa Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ambao mwanamazingira Wangari Maathai alijeruhiwa akiutetea Januari 1999. Pasingekuwa na watu wa aina yake, leo pangekuwa na majumba pale panapopita njia za baiskeli. Kwenye mteremko ambapo mizizi inakatiza udongo mwekundu, baiskeli ya zamani ilikuwa ikimtetemesha hadi viganja vinakufa ganzi. Hii mpya ilipita kwa mlio mzito, ikatulia. Alisimama chini, akarudi juu, akashuka tena.

Wapenzi wa fremu za chuma wangesema hapo hapo kwamba chuma kinanepa. Yeye alitaka ushahidi. Alijaza matairi upepo hadi yakawa magumu, akashuka mteremko ule ule, na raha karibu yote ikatoweka. Matairi haya ya inchi 29 yana upana wa inchi 2.4 na hayana tyubu, hivyo yanaweza kuendeshwa na upepo kidogo bila tyubu kubanwa na kupata pancha. Sifa nyingi anazopewa fundi wa fremu ni haki ya tairi.

Kilichobadilika zaidi ni umbo. Wakati Joe Breeze alipotengeneza fremu zake za milimani huko Marin County, California, mwaka 1977, yeye na wenzake walikuwa wakishuka milima kwa baiskeli nzito za zamani za chuma, jamaa wa karibu wa Black Mamba. Kufikia miaka ya 1990 bomba linaloshika foki lilisimama kwenye digrii 71 hivi, usukani ukawa mfupi, na kwenye mteremko mkali mwendeshaji alijihisi yuko juu ya gurudumu la mbele. Hii mpya imelaza bomba hilo hadi digrii 65, usukani wake una upana wa milimita 780, na kiti hushushwa kwa kubonyeza kitufe. Gurudumu limetangulia mbali mbele yake, naye anashuka kwa moyo mkunjufu pale alipokuwa akikokota.

Kwenye kupanda ni nzito kuliko ile ya alumini, na hilo halifichiki. Ngong inamtoa jasho zaidi. Hata hivyo haibadilishi.

Kama nawe unafikiria fremu ya chuma, msikilize kwa jambo moja analolishikilia. Kutu huanzia ndani. Kabla ya mvua za masika chomoa nguzo ya kiti, geuza baiskeli maji yatoke, acha ikauke, kisha nyunyizia mafuta ndani ya mabomba.